Saa Tatu ya Hombolo

Nyemo alipoondoka nilimfungia ilende kavu
ndani ya soksi mpya, soksi ndani ya kiatu,
maana nilisikia huko mizigo inapekuliwa.
Alikwenda Mendoza, Ajentina, kusomea mizabibu,
mtoto niliyemlaza kivulini mwa mizabibu.
Baba yake akacheka: samaki kapelekwa shule ya kuogelea.
Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu mashuka.

Alipangiwa kukaa na familia. Si bweni. Nyumba,
yenye mbwa, yenye babu asiyesikia,
yenye mwanamke aitwaye Graciela
anayegonga mlango alfajiri na kusema: vaa bata.
Bata, mama, ni koti la kulalia, si ndege.
Na papa ni kiazi.
Na meza ni meza, karibu kabisa,
hilo nililikuta limeshakaa linanisubiri.
Tukacheka mpaka salio likakata.

Halafu mwezi wa tatu tangu aende, ulimi ukateleza:
"Jana mama alinifundisha kukanda..."
Mama yupi?
Kimya. Upepo wa huku ukaingia kwenye simu,
ukampelekea vumbi badala ya maneno yangu.

Sitaficha. Wiki mbili nilimchukia yule mwanamke.
Nikipogoa, nampogoa yeye.
Nikisonga ugali wa uwele, mwiko unauliza:
anajua, huyo, kwamba Nyemo hali kitu cha moto,
hupuliza hadi kipoe, tangu ana meno mawili?
Anajua kovu la goti lilitoka wapi?

Nyemo ndiye aliyegundua jambo hili:
wao wako nyuma yetu kwa saa sita,
nasi huku saa twaanza kuzihesabu na jua,
kwa hiyo nikisema saa moja asubuhi
saa yao ya ukutani inasoma moja, usiku.
Namba ile ile. Mimi na jua, wao na giza.

Siku hiyo nilikuwa shambani, saa tatu,
kreti la kwanza halijajaa.
Simu ikaita kwa picha. Haikuwa sura ya Nyemo.
Mwanamke mnene, nywele zimetimka,
ndani ya bata. Nyuma yake saa: tatu.
Akageuza simu.
Mwanangu amelala, kitambaa kwenye paji,
midomo imekauka kama ya mtoto wa surua.
Beseni. Kiti kimevutwa hadi kitandani,
na juu ya kiti mto uliobonyea.
Mtu alikuwa amekaa hapo muda mrefu.

Sikuwa na maneno yake, ila kiazi na meza.
Nikasema la kwetu: Asante. Asante sana.
Uso wake ukafunguka.
Sana, akasema. Sana, sana,
mkono wake ukipapasa hewa juu ya kichwa cha mwanangu.
Nikadhani ananirudishia neno kama kasuku.
Hata hivyo nilibaki nimeinua simu juu ya majani
hadi chaji ikaisha,
zabibu zikishika joto kwenye kreti.

Siku nne baadaye Nyemo, sauti ya kukwaruza:
Hapana, mama, hakuwa anakuiga.
Kwao sana ni pona.

Nikakaa chini, pale pale kwenye udongo.
Basi miaka yote hii, dukani, kanisani,
kwa yule karani anayetucheleweshea malipo,
nimekuwa nikiwaambia watu wapone.

Sijamwita dada. Sijafika huko.
Nimemtumia ilende, soksi nyingine.
Nyemo anasema aliipika, ikavutika hadi kwenye nywele,
akapiga ishara ya msalaba, akaiweka pembeni.
Babu asiyesikia ndiye aliyemaliza sufuria,
kisha akaonyesha kwa kidole: iko wapi nyingine?