Stika Chini ya Boneti

Kamukunji, Kisumu, kabla jua halijashika mabati,
fundi Ogola afungua boneti ya Korola ya marehemu.
Stika ipo bado, mwandiko wa Zablon, wino umefifia:
Mkanda mpya 104,000. Mwingine 204,000.
Mita sasa yasema mia mbili na tisa.

"Umechelewa, mama."
Najua. Nilikuwa na mengine ya kuhesabu.

Auchomoa mkanda. Mzima, machoni mwangu.
Aukunja kwa vidole viwili:
nyufa, kama za kisigino cha kiangazi.
"Huu haulii kama breki, hauvuji kama gasketi.
Ukikatika, pistoni zinagonga valvu,
nawe uko katikati ya mlima wa Kiboswa."

Ataka tenshena pia, na pampu ya maji:
"Ukishapasua tumbo, usishone ukaacha kidonda."
Nabishania pampu. Napunguziwa mia tatu.

Alama kwa alama apanga meno,
azungusha injini kwa mkono, mara mbili,
polepole, kichwa kando, akisikiliza.

Kisha kalamu.
Naandika 209,000. Naandika 309,000.
Ogola ashika ncha ya stika ya zamani.
"Niibandue?"

Iache.
Yangu naibandika kando yake.
Imekaa upande kidogo.