Kipimajoto cha Bi Lempi

Aliingia Februari, theluji ikimdondoka mabegani,
akajipangusa viatu mara tatu kama anayeingia kwake.
Kuopio, saa nne asubuhi, kaunta ya vyombo vya umeme,
na mimi, mwezi wa pili kazini,
beji kifuani, tabasamu la mafunzo mdomoni.

"Yangu imekata roho," akasema. "Miaka thelathini na mmoja.
Jumanne ilikohoa, ikatema maji nusu kikombe,
ikanyamaza. Sikuilaumu."

Nikampeleka moja kwa moja kwenye ile ya bei mbaya,
yenye kioo cha kugusa na taa ya samawati,
inayosaga, inayotoa povu la maziwa, inayokusalimu kwa jina.
"Jina langu nalijua."
Nikamwonyesha ya vidonge: unatumbukiza, unabonyeza, basi.
Akachukua kimoja, akakitikisa sikioni.
"Kijana, mimi siumwi."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
nami nilikuwa nalipwa kutembeza.

Ndipo akafungua mkoba, akatoa kipimajoto
kirefu, cha kioo, kimevalishwa soksi ya mtoto.
"Washa zote."
Bi Lempi Karhapää, mwalimu wa kemia mstaafu,
akasimama mbele ya mashine nne
kama mbele ya wanafunzi waliosahau daftari nyumbani.

Ya kwanza: digrii themanini na moja.
"Hii inaiosha kahawa miguu."
Ya pili ilianza kwa mbwembwe, ikachoka katikati ya njia.
Ya tatu ilitokota, ikarusha mvuke hadi kwenye bei yake.
"Inaunguza, haipiki."
Ya nne ilikuwa nzito, nyeusi, haina kioo wala salamu.
Ilinguruma kidogo, kama mtu anayetafuta miwani,
na ule uzi mwekundu ukapanda,
ukafika tisini na tatu,
ukakaa.

Hakutabasamu. Aliigonga tumboni kwa ukucha.
"Koili?"
"Shaba."
"Kifuniko kikivunjika?"
"Kinauzwa peke yake."
"Jagi?"
"Nalo pia."
"Na wewe ukiacha kazi, nimuulize nani?"
Kwenye mafunzo swali hilo halikuwepo.

Sahani ya moto chini ya jagi, nikamweleza,
hujizima yenyewe baada ya dakika arobaini.
"Dakika arobaini kahawa imeshakuwa lami.
Nitaizima mwenyewe."
Kisha kidole chake kikafika ubavuni.
"Na hiki?"

Swichi ndogo, ambayo wateja hawaiulizii.
Juu, vikombe kumi. Chini, vikombe vichache:
maji hushuka polepole
ili kahawa kidogo isitoke chapwa.

Alinyamaza kwa muda ambao meneja asingeupenda.
"Tangu Oktoba napika vikombe kumi,"
akasema, si kwangu, kwa mashine.
"Vinane vinaishia kwenye sinki.
Mkono bado haujapewa habari."

Sikuuliza. Theluji mabegani ilikuwa imeshakuwa maji.
Akabonyeza swichi: tak.
Akairudisha: tak.
Chini tena. Akaiacha hapo.

Alilipa kwa noti, akaukataa mfuko,
akaikataa dhamana ya ziada niliyolazimika kuitaja
("Ile ya zamani ilipewa mwaka mmoja tu"),
akalikumbatia boksi kama mtoto aliyelala.
Mlangoni akageuka, akaisoma beji yangu kwa mbali.
"Pöntinen. Wa Ilmo?"
"Ni baba yangu."
"Mwambie ilikuwa asidi ya salfa."

Jioni ile nilipima mashine ya nyumbani kwetu,
tuliyoinunua kwa punguzo, taa zake saba.
Sabini na nane.
Baba akanywa, akasema kahawa ni kahawa.
Nikamwambia: salfa.
Akaweka kikombe chini taratibu,
akachungulia dirishani, gizani,
kama mtu anayehakikisha
kwamba mwalimu ameshaondoka.