Draya ya Bi Mwanasiti

Huko Jomvu, uwanjani,
matofali ya jikoni
tukapanga duarani,
tanuri likasimama.

Kutoka Ganze, gunia
la mawe likaingia.
Mwenye boda, kwa udhia:
"Hivi nyinyi mu wazima?"

Draya ya Bi Mwanasiti
na bomba moja la bati
vikavuma kama nyati,
watoto wakatizama.

Makaa, mawe, makaa,
makaa tena. Masaa
saba, jasho likajaa,
kisha draya ikagoma.

Tukauvunja mlango,
donge likatoka, chongo.
Mwinyikai: "Ni udongo!"
Nyundo ikajibu: chuma.

Mavi kando: msumari
mmoja, si wa fahari.
Bi Mwanasiti, kwa shari,
aliutwaa, kasema:

"Huu wa kwangu saluni,
niupige ukutani,
nitundike hadharani
draya mliyoichoma."