Kilichokosa

Jina lake ni letu.
Chikungunya: kinachokunja.
Alilisema mtu wa Newala aliyeinama kuokota jembe
akabaki hapohapo, amejikunja kama jamvi.
Sasa limechapwa kwenye kichupa kisichozidi kidole changu cha mwisho,
ndani ya jokofu, Mtwara mjini,
chumba cha pili kutoka kwenye jenereta.

Bi Somoe hunipigia kila Ijumaa:
"Mmeshamkamata?"
Namwambia, huyo tunamjua.
Tunamtafuta anayemfungulia.

Maana kirusi hakina mikono.
Hakina jiko wala kinu.
Kinakuja na karatasi moja ya maagizo,
kinaketi ndani ya seli,
na seli, kwa adabu zake, inapika.

Basi tukachukua seli, mamilioni,
kila moja tukainyang'anya jeni moja, moja tu:
hii haina bawabu, ile haina mwashi,
ile kule imepoteza kitu ambacho hata jina hatujakipa.
Kisha tukamimina kichupa.

Siku ya nne zilielea, nyeupe, kama makapi ya mtama.
Umeme ukakatika. Ukarudi.
Nalimi akafuta darubini kwa pindo la koti.
Na chini kabisa, zimeng'ang'ania sakafu ya sahani,
chache, ningezihesabu kabla chai haijapoa,
zilizo hai.

Hizo ndizo tunazoziuliza.
Hatuulizi mna nguvu gani.
Tunauliza: mmekosa nini?

Nimelala na swali hilo.
Maana nyumbani, Bi Somoe, tulikosa maji.
Mchanga wa kule juu unakunywa mvua yote,
chemchemi iko chini ya genge, nusu siku kwenda,
ndipo marehemu babu akachimba tangi uani, akalisakafia saruji,
na mbu mwenye madoa akazaa humo.
Kule, kukosa kulituletea.
Huku, kukosa kumeponya.

Leo majibu yamerudi.
Jeni ileile, imekosekana karibu katika zote zilizonusurika.
Nilidhani nitaruka.
Kumbe ni komeo la kawaida,
linaloshikisha seli na jirani yake
magotini, vidoleni,
palepale panapokuuma ukibangua korosho.
Siwezi kukwambia uling'oe.

Ijumaa simu italia.
Nitasema mlango tumeuona.
Nitasema ni wetu, tuliujenga kwa ajili ya jirani.
Kisha nitauliza kama tangi limefunikwa.