Ukurasa wa 211

Shuka lilikuwa la Mama Nabintu, la kitanda cha wageni,
limepigwa pasi mara mbili na bado lina alama ya kuungua
pale juu, upande wa kulia,
hivyo mbingu ya nchi ile ya ajabu
ilikuwa na doa la kahawia tangu mwanzo hadi mwisho.
Hakuna aliyelalamikia doa.

Walilalamikia mengine.

Zihindula fundi cherehani hakungoja taa ziwake:
"Joho la mfalme limeshonwa na mtu mwenye njaa!
Kitabuni lilifunika mto mzima,
watoto wakavuka juu yake miguu mikavu.
Hili halifuniki hata magoti."
Nsimire, miaka kumi na moja, akapanda juu ya benchi:
"Na yule mnyama? Kitabuni alikaa ndani ya sufuria.
Alikuwa na haya. Alikula majivu.
Wao wamemfanya ghorofa.
Nani ataihurumia ghorofa?"

Tukacheka, mvua ya Kadutu ikipiga mabati ya ukumbi wa parokia.
Cikuru alisema Kifaransa chao kinakimbia kama mtu mwenye deni.
Mugisho, ambaye hajawahi kusoma hata jalada,
alisema ni tamu, akarudia, tamu,
macho mekundu, mpaka mkewe akamgusa goti.

Kitabu chetu kilikuwa kimoja kwa mtaa mzima.
Kilipanda na kushuka ngazi za udongo,
kililala nyumba hii wiki mbili, ile mwezi,
kikarudi kinanuka sambaza,
na bugali iliyokauka katikati ya vita,
na namba ya simu ya mtu asiyejulikana.
Baada ya 210 inakuja 213.
Pale baba wa msichana anashuka kisimani kufuata mwanga,
kamba inalegea mkononi mwa mtoto,
halafu ghafla ni asubuhi, wako safarini, hatajwi tena.

Kila nyumba ikaziba pengo kwa unga wake.
Kwa Zihindula, baba alishona mlango gizani akatoka nao.
Kwa Nsimire, alimkuta mama wa yule mnyama.
Mama Nabintu alisema: ameoa huko chini,
wanaume nawajua.

Ndiyo maana walijaa usiku huu, na viti vya kuazima.
Na baba akapanda kutoka kisimani,
taa mkononi, meno meupe, fidla mia zikilia,
akamkumbatia binti yake.
Ukumbi mzima: "Aaa! Si hivyo!"
"Basi ilikuwaje?"
Kimya. Kisha wote kwa pamoja, kila mmoja na yake,
hadi padri akagonga meza kwa kiatu.

Mimi ndiye niliyeuchana.

Ilikuwa Julai, wiki ya tatu
baba hajarudi kutoka Kamituga.
Birindwa alikuwa na miaka sita,
nilimsomea kurasa nne kila usiku kwa koroboi.
Siku ile nilitangulia kusoma peke yangu, mchana, jikoni.
Nikaukunja mara nne, nikausukuma ndani ya godoro,
na usiku nikasoma 210, nikameza mate, nikasoma 213.
Hakuuliza. Nilifikiri nimemdanganya vizuri.

Watu wametoka sasa, bado wanabishana chini kwenye matope;
namsikia Zihindula na joho lake
mpaka kona ya kisima cha serikali.
Birindwa, ndevu zimemtoka mwaka huu,
anazungusha waya wa jenereta kati ya kiganja na kiwiko.
"Mimi," anasema, "wamenikosea kwenye kamba tu.
Wameipaka nyekundu.
Ilikuwa ya katani. Na ilipopanda ilikuwa imelowa."

Katani. Imelowa.
Maneno hayo hayapo kwenye ukurasa mwingine wowote.

Anaweka waya chini.
Tunakunja shuka la Mama Nabintu,
yeye pembe mbili, mimi pembe mbili,
tunasogeleana, tunaachana, tunasogeleana,
mpaka doa linaingia ndani.