Chamchela Tatu

Mama hakulitaja neno hilo bila kurusha chumvi mlangoni.
Chamchela, alisema, haitajwi mara mbili;
ukiitaja mara mbili hudhani inaitwa.
Hapa Khabura wanangu wanasema zoba'a,
na redio ilisema "hali ya hewa isiyo tulivu",
kama daktari anayemzungumzia mgonjwa mbele ya mgonjwa.

Zilikuja tatu, Jumatatu, baada ya alasiri.
Ya kwanza ilitoka baharini, nyembamba,
uzi unaotafuta tundu la sindano.
Binti yangu Shinuna akatoa simu aipige picha.
Ya pili hatukuiona. Tuliisikia:
lori zito linapanda mlima, na mtaa wetu hauna mlima.
Ya tatu ndiyo iliyojua njia.

Nasema nilichokiona kwa kidirisha cha choo,
maana ndiko tulikojifungia, watu saba na mbuzi:
tangi la maji la Thuwaini likipaa,
likipaa taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayeaga;
mabati ya gereji yakikunjwa na kukunjuliwa
kama gazeti la matokeo mikononi mwa mzazi;
mitende ya Ghasani, mia na kitu, ikilala upande mmoja,
kisha, na hili ndilo lililonitia baridi,
ikalala upande wa pili.
Mbuzi hakulia.
Mdogo wangu wa mwisho aliuliza,
Mama, mbona nyumba inapumua?

Nilianza Yasini. Sikufika nusu.

Tulipotoka, jua nalo lilikuwa limetoka,
halina haya,
linamulika mtaa uliogeuzwa ndani nje
kama mfuko wa kanzu.
Kofia ya Zahir, niliyoanza kuitia nakshi tangu Rajabu,
iliokotwa kilomita sita, juu ya mfuniko wa kisima,
sindano imechomekwa palepale nilipoishia,
uzi haujakatika.
Watu walikuja kuitazama. Wakasema, Subhanallah.
Nami nilisema.
Lakini moyoni niliuliza:
upepo ulioishika sindano kwa upole huu
ulishindwaje kumshika Shofikul?

Hatukumjua Shofikul.
Tulijua anamwagilia shamba la Ghasani,
ana baiskeli yenye kengele isiyolia,
na dukani hununua ndizi moja, moja tu, kila siku.
Kibanda chake kilibaki matofali tisa na kijiko.
Simu yake niliiona mimi,
imezama nusu kwenye tope la mfereji,
inawaka, inazima, inawaka.
Jina la mpigaji lilikuwa kwa herufi zinazoning'inia
kama nguo kambani; sikuweza kulisoma.
Lakini nani asiyejua
ni nani hupiga mara kumi na moja?

Nikapokea.
Sauti ya mwanamke, mbali, nyuma yake jogoo asiyejua saa.
Akauliza. Nilijua anauliza.
Nikatafuta Kiarabu, nikatafuta Kihindi cha sokoni,
nikaambulia Kiswahili, kile cha mama, cha chumvi:
Mama, nikasema. Mama, ngoja. Ngoja kidogo.
Naye, sijui alielewa nini,
akanyamaza, akangoja.
Jogoo. Pumzi. Jogoo.
Mpaka chaji ikaisha.

Walimpata Jumatano, kwenye mkunazi nyuma ya msikiti.

Ikaletwa karatasi ya kujaza: taja vilivyopotea.
Nikaandika kiyoyozi, milango miwili, cherehani.
Nafasi ikabaki. Kijana wa ofisini, mpole,
akasema, bibi, kama hakuna kingine, weka sahihi hapa.
Nikaweka.

Ramadhani imepita, na Idi imepita.
Zahir anavaa kofia ya zamani na hasemi kitu.
Ile nyingine iko juu ya kabati,
na sindano yake,
na nikipita karibu nayo
natembea taratibu.