Namba Kumi na Saba

Bwawa la Hombolo, saa nne, jua limeshapanda.
Nachota konokono kwa chujio la chai
nililolifunga kwenye mti wa fagio.
Mzee Mlahagwa anaacha kupogoa mizabibu yake:
"Hao nao mnawala huko chuoni?"
Hapana, baba. Tunataka kujua nani anawala wao.

Maabara. Kila mmoja na glasi yake, taa juu yake.
Adhuhuri, maji ya namba kumi na saba
yanaanza kutetema: vumbi lenye uhai,
mamia ya vimkia vyenye panda,
vyote vimetoka kwa mwenyeji mmoja
asiyefikia ukucha wa kidole gumba.

Kwa umbo anawazidi wenzake wazima.
Ungemwona, ungesema huyu ndiye aliyeshiba.
Nikampasua, nikapima.
Damu yake, nyekundu kama yangu,
sukari imeshuka hadi mashine ikasita kusoma.
Glaikojeni, ile akiba ya siku mbaya,
imekombwa kama ghala la mtama
mwezi wa pili, mvua zikiwa zimetudanganya.
Tindikali imejaa, ya mtu anayekimbia
bila kuondoka alipo.

Wenzake wamebandika mayai kwenye kioo, ute na nukta.
Yeye, wiki ya sita, hata moja.
Hawakumuua. Kumuua ni hasara.
Nguvu za kutaga wamezigeuza posho yao,
naye jani la mchicha hamalizi kulitafuna
kabla halijawa mali ya watu.
Aliyesema mgeni njoo, mwenyeji apone,
huyu hakumpima.

Kaka yangu Nyemo alikuwa akiogelea bwawa hilohilo.
Walisimama mstari juu ya tuta, wavulana saba,
wakishindana nani mkojo wake mwekundu zaidi,
wakidhani ndio ukubwa.
Darasani alilala kabla ya hesabu.
Tumbo likatangulia, miguu ikabaki nyuma,
na mama, pale zahanati, kwa fahari kidogo,
akamwambia nesi: "Lakini anakula vizuri."

Nimefuta meza kwa spiriti. Jenereta linakohoa.
Kwenye daftari, safu ya mwisho, Maoni,
nimeandika: anakula vizuri.
Nikakata.
Nikaandika tena.